Kabla Hujamwaga Kokoto: Jinsi ya Kuchagua Mawe ya Kitanda cha Akwaponiki

Katika akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka, pampu ikiharibika utaibadilisha. Bomba likivuja utalikaza. Miche ikifa utapanda mingine. Lakini mawe yakishamwagwa kitandani, yakalowa na kushikwa na mizizi, kuyatoa ni kazi ya kuvunja mgongo: unahamisha samaki, unang'oa mimea, kisha unazoa shehena nzima ndoo kwa ndoo. Nasema hivi kwa sababu nimeyazoa. Kitanda changu cha kwanza nilikijaza mawe meupe mazuri, yale yanayong'aa yakilowa, na kwa miezi minne nikahangaika kuishusha pH (kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) iliyogoma kwenye 8. Majani machanga ya nyanya yalikuwa yanageuka manjano, vishipa tu vikibaki kijani. Niliongeza madini ya chuma, nikabadilisha maji, nikapunguza chakula cha samaki. Shida ilikuwa palepale chini ya mizizi muda wote, na ningeigundua siku ya kwanza kwa kijiko kimoja cha siki.

Kwa hiyo mwongozo huu unakazia zaidi kupima kuliko kupamba. Jiwe lipimwe kabla halijapakiwa kwenye gari, si baada ya kushushwa.

Jiwe lina kazi gani

Wengi hudhani mawe yapo kushikilia mimea isianguke. Hiyo ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo chakula ambacho mmea unakifurahia. Bakteria hawa hawapendi kuelea. Wanajishikiza kwenye uso wa kitu na kujijengea utando mwembamba wa utelezi. Kila jiwe kitandani ni nyumba yao.

Juu ya hapo, mawe huchuja vipande vya kinyesi na mabaki ya chakula, huvizuia humo humo, na minyoo pamoja na vijidudu wengine huvivunjavunja taratibu hadi madini yaliyomo yatoke. Kitanda cha mawe kilichochaguliwa vizuri ni chujio, ni kiwanda cha mbolea na ni shamba, vyote kwa pamoja. Kilichochaguliwa vibaya ni dimbwi la tope lililofunikwa kokoto.

Hatua ya 1: Jua unaangalia jiwe gani

Huhitaji kuwa mtaalamu wa miamba. Unahitaji kutenganisha makundi mawili: mawe yanayokaa kimya ndani ya maji na mawe yanayoyeyuka.

Yanayokaa kimya ni granaiti, basalti (jiwe jeusi zito la volkano), kwatzi na jamii zake, pamoja na mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, mekundu au meusi. Lipo pia lile jiwe la volkano la kijivu, jepesi kiasi cha kuelea, ambalo watu husugulia visigino. Hili linafaa, ila vipande vyake vikavu huelea kitanda kinapojaa maji na kusukumana na miche hadi vilowe kabisa, kwa hiyo viloweke kwanza. Katika kundi hilihili weka vidonge vya udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa kwenye tanuru hadi vikaumuka. Si mawe ya asili, lakini vinafanya kazi ileile na ni vyepesi mno.

Yanayoyeyuka ni mawe ya chokaa, marumaru, matumbawe, makombe ya baharini, na kifusi chochote chenye saruji au lipu. Mawe ya mchanga yapo katikati: mengine chembe zake zimegandishwa na kwatzi na hayana neno, mengine zimegandishwa na chokaa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Kuna kundi la tatu, dogo, ambalo nalikataa bila hata kulipima: mabaki ya machimbo ya madini, takataka za viwanda vya kuyeyusha chuma, na mawe yenye mishipa inayometameta kama chuma au yenye kutu ya rangi ya chungwa inayochirizika. Siki haitakuambia kama jiwe lina madini ya risasi au salfa ndani yake. Unakula mboga zinazoota humo na samaki wanaoishi kwenye maji yale. Usibahatishe.

Kokoto za ufukweni nazo ziache, hata zikiwa ngumu na nyeusi. Huja na chumvi na vipande vya makombe visivyokwisha hata uchambue siku nzima.

Hatua ya 2: Jaribio la siki

Hapa ndipo ningependa utumie muda, kwa sababu ndipo watu hukosea wakidhani wamepima.

Chukua mawe kama 20 kutoka sehemu mbalimbali za lundo: juu, chini, pembeni. Hakikisha kila rangi unayoiona ina mwakilishi. Lundo moja linaweza kuwa na mawe ya aina tano, hasa kama yametoka mtoni, kwa sababu mto hubeba mawe kutoka kila mahali unapopita.

Yasugue kwa brashi na kuyasuuza. Usiruke hatua hii. Vumbi la chokaa lililolalia jiwe zuri litatoa povu na kukufanya ukatae jiwe lisilo na hatia. Kisha vunja machache kwa nyundo (funika kwa kitambaa, vibanzi vya jiwe huruka machoni) ili upime pia uso mpya wa ndani. Jiwe lililokaa mtoni miaka mingi linaweza kuwa na ngozi ngumu inayoficha kilichomo.

Sasa weka kipande kwenye glasi, mimina siki nyeupe ya kawaida hadi kizame, kisha inama uangalie na kusikiliza. Jiwe la chokaa halina haya: mapovu hupanda mfululizo, na ukisogeza sikio utasikia mchirizo kama wa soda iliyofunguliwa. Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka asidi inapokula kalsiamu kaboneti.

Mawe ya volkano yenye vitundu huwachanganya watu wengi. Ukiyazamisha, hewa iliyokuwa vitunduni hutoka na kufanya mapovu, hata kwenye maji matupu. Nimeona mtu akitupa mzigo mzima wa mawe bora kwa kosa hilo. Dawa yake ni rahisi: lizamishe jiwe kwenye maji ya kawaida kwanza, litikise, lisubiri hadi mapovu yaishe, ndipo ulihamishie kwenye siki. Mapovu yakianza upya na kuendelea, hapo ni chokaa. Yasipoanza, ilikuwa hewa tu.

Upande wa pili kuna jiwe linaloficha. Aina moja ya jamaa wa chokaa, dolomaiti, yenye magnesiamu ndani yake, huchangamka polepole sana kwenye siki hata uweze kuapa kwamba ni kimya. Lisage kipande kidogo kiwe unga, weka unga huo kwenye siki. Unga hutoa mapovu pale ambapo jiwe zima lilinyamaza. Wenye uzoefu hutumia asidi kali ya haidrokloriki badala ya siki, na kweli hujibu haraka zaidi, lakini huunguza ngozi na mvuke wake hukaba koo. Siki pamoja na hatua inayofuata vinatosha.

Hatua ya 3: Ndoo mbili kwa wiki moja

Siki inakuambia kama chokaa ipo. Ndoo inakuambia kama itakusumbua.

Tafuta ndoo mbili zinazofanana. Ya kwanza ijaze mawe yaliyooshwa hadi karibu na ukingo, kisha mimina maji utakayotumia kwenye mfumo wako hadi yafunike mawe. Ya pili itie maji hayohayo bila jiwe hata moja. Ziweke kivulini pamoja. Pima pH ya zote mbili siku ya kwanza, ya pili, ya nne na ya saba.

Ndoo ya pili ndiyo shahidi wako, na wengi huiacha. Maji ya kisima mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na gesi nyingi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo inapotoroka pH hupanda yenyewe, pasipo jiwe lolote. Bila ndoo ya pili utayalaumu mawe kwa jambo lililofanywa na maji. Unachotafuta si pH ya ndoo ya mawe, bali tofauti kati ya ndoo mbili.

Siku ya saba, jaribu jambo moja zaidi. Dondoshea siki kidogo kidogo kwenye kila ndoo hadi pH ishuke kufika 6 hivi, ukikoroga, kisha uangalie tena baada ya siku moja na mbili. Ikiwa ndoo ya mawe inarudi juu ya 7 upesi huku ile ya maji matupu ikibaki nyuma sana, umepata jibu. Hayo ndiyo yatakayotokea kila siku kitandani, kwa sababu bakteria wanapoigeuza amonia hutoa uchachu, na mawe yako yatakuwa yanaumeza muda wote.

Kwa nini tunajali kiasi hiki? Lengo ni pH ya 6.8 hadi 7, mahali ambapo samaki, bakteria na mimea hukutana bila kila mmoja kuumia sana. Ikipita 7.5, chuma, manganizi na fosforasi hujifunga kwenye maji na mizizi hushindwa kuvichukua. Ndiyo ile rangi ya manjano kwenye nyanya zangu. Kwa samaki ni hatari zaidi. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na takriban asilimia 0.6 tu ya amonia yake katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 sehemu hiyo hufika asilimia 5 na zaidi. Kipimo cha amonia kinasoma namba ileile, lakini samaki anapata sumu mara tisa.

Utasikia watu wakisema mawe ya chokaa "yatachoka", kwamba baada ya muda pH itashuka yenyewe. Tufanye hesabu. Chukua kitanda cha lita 300 kilichojaa mawe ya chokaa, takriban kilo 450. Tuseme samaki wako wanakula gramu 50 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 32. Nitrojeni iliyomo ni kama gramu 2.5, na tukichukulia kwamba zaidi kidogo ya nusu yake hutoka kama amonia, ni gramu 1.5. Kila gramu moja ya nitrojeni hiyo ikigeuzwa kuwa nitrati hula takriban gramu 7 za kalsiamu kaboneti. Jumla ni gramu 11 kwa siku, kilo 4 kwa mwaka. Kilo 450 zitakuchukua miaka zaidi ya 100. Hata kama sehemu moja tu ya kumi ya mawe yako ni chokaa, ni miaka 11. Usisubiri ichoke.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha upande mzuri wa chokaa. Mfumo wenye mawe kimya huchachuka kadiri siku zinavyokwenda, na pH ikishuka chini ya 6 bakteria huanza kulegea. Hapo wafugaji huweka makombe au vipande vya chokaa ndani ya mfuko wa wavu na kuuning'iniza penye mkondo wa maji. Ni dawa nzuri kabisa. Tofauti ni kwamba mfuko unautoa pH ikifika unapotaka. Kitanda hakitoki.

Hatua ya 4: Ukubwa

Nenda na rula. Unachotaka ni mawe ya milimita 12 hadi 20, na yakifika 25 si vibaya. Mwenye machimbo akikuambia ni "kokoto za kawaida", bado zipime, maana jina moja hubeba ukubwa tofauti kila mahali.

Mawe madogo yana uso mkubwa zaidi kwa ujazo uleule. Tukichukua mawe ya mviringo yaliyoacha nafasi wazi ya asilimia 40 katikati yake, mawe ya milimita 40 hutoa mita za mraba 90 hivi za uso kwa kila mita ya ujazo. Ya milimita 20 hutoa 180. Ya milimita 10 hutoa 360. Kila unapogawa kipenyo kwa mbili, makazi ya bakteria yanazidi mara mbili. Mawe ya volkano yenye vitundu hupita hesabu hii, kwa kuwa vitundu na mikwaruzo yake huongeza uso, na hutajwa kufika 300 hadi 400.

Mbona basi tusitumie mchanga? Wapo waliotumia, tena kwa mafanikio. Miaka ya 1980, Mark McMurtry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, alipitisha maji ya samaki kwenye vitanda vya mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom na Paula Speraneo, wakulima wa Missouri, waliuchukua mfumo huo wakaubadilisha kuwa wa kokoto, na vitanda vingi vya nyumbani tunavyoviona leo vinafuata njia yao. Mchanga unadai chembe zilizochaguliwa kwa uangalifu mkubwa na samaki wasiozidi kipimo. Ukikosea kidogo, kinyesi huziba nafasi, maji hutafuta njia moja tu ya kupita, na kwingine kote oksijeni hukatika. Ukifukua mahali hapo utakuta tope jeusi linalonuka mayai viza. Kokoto husamehe makosa mengi ambayo mchanga hausamehi.

Mawe yakizidi milimita 30 nayo yana shida zake. Mzizi mchanga hubaki unaning'inia hewani kati ya jiwe na jiwe, na kupandikiza mche mdogo kunakuwa kama kuupandikiza kwenye rundo la viazi.

Chenga na vumbi ni adui kuliko ukubwa wenyewe. Lundo likiwa na mchanganyiko wa milimita 20, milimita 5 na unga, vidogo huingia katikati ya vikubwa na kuziba nafasi zote. Ndivyo hasa mafundi wanavyotaka kwenye zege, na ndivyo usivyotaka wewe. Omba kokoto zilizochekechwa za ukubwa mmoja. Zikikosekana, tengeneza chekeche mwenyewe kwa fremu ya mbao na wavu wa waya wenye matundu ya milimita 10: kinachopita kitupe kwenye njia ya bustani, kinachobaki ndicho chako.

Hatua ya 5: Umbo, na uzito utakaobebwa

Mawe ya mto, ya mviringo, ni rafiki wa mikono. Utachimba kitandani kwa vidole kila unapopanda na kung'oa, na kokoto za kuvunjwa kwa mashine zitakuchana hadi uvae glavu. Kwa upande mwingine, kokoto za kuvunjwa zina uso wa kukwaruza, bakteria hushika vizuri, na mara nyingi hupatikana kwa urahisi. Mimi hutumia za kuvunjwa chini na za mviringo kwenye sentimita 10 za juu, mahali mikono inapofika. Sharti moja tu: zote ziwe zimepita jaribio la siki, na ukubwa wake ukaribiane.

Epuka mawe bapa kama vigae. Hulaliana na kufanya paa dogo ndani ya kitanda, na maji hupita juu yake bila kushuka.

Uzito ndio unaovunja vitanda. Kitanda cha mita 2 kwa mita 1, chenye kina cha mawe cha sentimita 30, kina lita 600. Kokoto za granaiti ni takriban kilo 1.6 kwa lita, hivyo mawe peke yake ni kilo 960. Kitanda kikijaa maji, ongeza lita 240 katika zile nafasi. Umefika tani 1.2, na hapo hujahesabu kitanda chenyewe. Vidonge vya udongo uliochomwa kwenye kitanda hichohicho ni kama kilo 270, na pamoja na maji havifiki hata nusu ya uzito wa granaiti. Mawe mepesi ya volkano hukaa katikati. Kwa hiyo kama kitanda kiko juu ya paa, kwenye baraza ya ghorofa, au juu ya stendi ya mbao, suala la uzito litangulie yote. Kama kiko juu ya matofali yaliyojengwa kwenye ardhi ngumu, granaiti haina tatizo.

Ukitaka kujua nafasi wazi ya mawe yako mwenyewe badala ya kuchukua asilimia 40 yangu, jaza ndoo ya lita 20 kwa mawe yaliyolowa, kisha pima maji unayomimina hadi yafike ukingoni. Yakiingia lita 8, ni asilimia 40. Namba hiyo itakusaidia kujua maji kiasi gani yatatoka kwenye tangi la samaki kila kitanda kinapojaa, maana usingependa samaki wabaki na maji ya magotini.

Hatua ya 6: Kuosha

Hakuna njia ya mkato. Kokoto za machimbo huja na unga unaotulia chini na kuganda, na mawe ya volkano huficha vumbi katika kila kitundu. Vumbi hilo likiingia kwenye mfumo hukwangua pampu, huwasha matamvua ya samaki na kufanya maji kuwa ya rangi ya kahawia kwa wiki kadhaa.

Jaza nusu ndoo, si ndoo nzima, ili mkono uweze kukoroga hadi chini. Tia maji, koroga kwa nguvu, mwaga. Rudia hadi uone mkono wako ukiwa chini ya ndoo. Kokoto za mto kwa kawaida hutaka mara mbili au tatu. Za volkano huzisugua, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazisugua tena asubuhi. Ukiwa na kazi kubwa, toboa pipa la plastiki matundu madogo, lilaze, liviringishe huku mpira wa maji ukimwaga ndani. Oshea mahali maji ya tope yatakapoingia ardhini. Ukiyaelekeza kwenye bomba la maji machafu la nyumba, ule unga utaganda humo. Sabuni usiitumie kamwe.

Hatua ya 7: Kujaza kitanda

Kabla ya jiwe la kwanza, simamisha bomba la kulinda njia ya kutolea maji: bomba pana lenye mipasuo, linalozunguka saifoni (bomba linaloyanyonya maji yenyewe na kuyatoa kitanda kikijaa) au bomba la kutolea. Mipasuo iwe myembamba kuliko jiwe lako dogo kabisa. Nilishawahi kuona saifoni nzima ikikwama kwa kokoto moja ya ukubwa wa njegere.

Kitanda kikiwa na karatasi ya nailoni ndani, usipindue toroli. Shusha mawe kwa ndoo, kwa mkono, na safu ya kwanza iwe ya mawe ya mviringo. Ncha moja kali chini ya tani ya mawe inatosha kuitoboa nailoni, na tundu hilo hutalipata.

Kina cha sentimita 30 kinatosha karibu mboga zote. Maji yakipanda, yaishie sentimita 5 chini ya uso wa mawe. Sehemu hiyo ya juu ikibaki kavu, mwani hauoti, mashina hayaozi shingoni na maji hayapotei kwa jua. Ukiona uso wa mawe umelowa na una rangi ya kijani, punguza urefu wa bomba la kutolea au ongeza mawe.

Kisha jaza maji na uyamwage yote nje, mara mbili, kabla ya kuunganisha na tangi la samaki. Utashangaa ni vumbi kiasi gani lilibaki baada ya kuosha kote kule.

Kumbuka kwamba mawe mapya ni nyumba tupu. Bakteria huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuyajaza, na katika kipindi hicho samaki wawe wachache na chakula kidogo huku ukipima amonia na nitriti mara kwa mara. Ukipata ndoo ya mawe kutoka kitanda cha mtu ambacho ni kizima na hakina ugonjwa, ichanganye na yako ikiwa bado mbichi, usiikaushe wala kuiosha kwa maji yenye klorini.

Kama chokaa imeshaingia

Huenda unasoma hii ukiwa tayari umeshamwaga mawe meupe. Cha kwanza, acha kumimina asidi. Kila dozi hushusha pH kwa saa kadhaa, kisha mawe huipandisha, na samaki ndiye anayebeba mipando na mishuko hiyo. Mimi niliwapa samaki wangu miezi minne ya hali hiyo na bado najuta.

Ishi na pH uliyo nayo kwa muda. Usizidishe samaki, lisha kidogo, na amonia iwe sifuri kwenye kipimo, kwa sababu pH ikiwa juu amonia haina utani. Kwa majani ya manjano tumia mbolea ya chuma ya aina ya EDDHA (hilo ni jina la kemikali inayokishika chuma kisigande majini). Aina ya EDTA huachia chuma chake mapema pH inapopanda, ya DTPA hufika 7.5 hivi, lakini EDDHA huendelea kushika hata juu ya hapo. Maji yatakuwa mekundu kama chai ya rangi, usishtuke. Panda mboga za majani zenye uvumilivu na uache nyanya na pilipili kwa sasa.

Halafu panga kubadilisha mawe kwa awamu, si siku moja. Ukiondoa yote kwa mpigo unaondoa na bakteria wote, na amonia itawapata samaki ndani ya siku chache. Kama una vitanda viwili, badilisha kimoja, subiri wiki 6, ndipo uguse cha pili. Kama ni kimoja, kigawe kwa mbao katikati, toa nusu, jaza mawe mapya yaliyopimwa, na nusu ya zamani iendelee kuchuja hadi mpya ichukue kazi. Mawe ya chokaa unayoyatoa yasuuze, uweke kiasi kwenye mfuko wa wavu. Mwaka ujao pH ikishuka chini ya 6.5, utayahitaji.